Mwanafunzi wa Zamani wa Mwaka wa Kwanza

Wiki tatu kabla ya kuanza mwaka wa kwanza, binti yangu mdogo aliniuliza kama watu wanaolala darasani watafanya mtihani pamoja naye.

Swali lilikuwa na msingi. Shule yetu ya mtaa wa Ndosho ilikuwa imejaa wakimbizi waliotembea kwa miguu kutoka upande wa Rutshuru, na masomo yasingeanza mpaka wapatiwe mahali pengine. Kila tulipopita alichungulia darasa lake, lile alilolisubiri tangu akiwa na miaka minne, akaona mikeka, masufuria na nguo zilizoanikwa madirishani. Mimi ni mtu wa kueleza. Nikaketi naye kizingitini, nikaanza na vita: kwamba wako watu wanaopigana, na wasiopigana hukimbia, kwamba kanisa lilijaa, ndipo milango ya shule ikafunguliwa. Nilieleza vizuri, hata mimi mwenyewe nikajiona nimeelewa.

“Kwa hiyo habarudi nyumbani saa sita?” akauliza.

“Hawana nyumba ya kurudia kwa sasa.”

Akafikiri. “Basi batatupita sisi wote. Sisi tutasoma asubuhi tu, bo bako ku masomo muchana na usiku.”

Mama yake, aliyekuwa akichambua maharagi, alicheka mpaka ungo ukamponyoka. “Papa, mutoto ameuliza neno moja, wewe umemufungulia iniversite.”

Siku zile hakuwa na kazi ila kuuliza. Alitaka kujua wanajeshi wanapewa rekreasyo ya kucheza saa ngapi, na nani anawapigia kengele. Kuhusu volkano inayofuka moshi juu ya mji wetu hakuuliza, alinieleza yeye: ule mlima unapika maharagi, maana hakuna chakula kingine kinachokaa motoni muda mrefu hivyo. Asubuhi moja mizinga ilisikika mbali, naye akasema huku akinywa uji, “Leo bamegombana mapema.” Nilimsahihisha juu ya volkano. Juu ya mizinga sikuona cha kusahihisha.

Juma lililofuata tulianza kuwapelekea chakula. Katika darasa la mwaka wa kwanza, chini ya ubao, alilala bibi mmoja aliyekuwa akiuza ndizi sokoni Kiwanja, pamoja na mjukuu wake wa miaka sita, msichana asiye na meno mawili ya mbele. Wale wasichana wawili walielewana kabla sufuria haijafunguliwa. Tangu siku hiyo binti yangu alishinda kule, na jioni alituletea habari.

“Koko njo shefu wa klasi,” alituambia, akimaanisha yule bibi. “Asubuhi anafagia, na batoto bakipiga kelele anabatosha inje.”

Rafiki yake naye alimfundisha siri za darasa: benchi lipi lina msumari, bati lipi linavuja, mjusi anatokea wapi. “Anajua klasi yote,” alisema binti yangu, kwa wivu kidogo.

Kisha likaja tangazo. Wakimbizi wahamie kambini, magharibi ya mji, na masomo yaanze Jumatatu. Binti yangu alivaa shati jeupe na sketi ya bluu saa ile ile na kukataa kuzivua. Alikuwa akirukaruka katikati ya ua aliposimama ghafla.

“Na yeye atasoma wapi?”

“Huko kambini huenda watajenga shule,” nikaanza. “Unajua, kujenga shule kunahitaji kwanza mbao, halafu walimu, halafu…”

“Papa, wapi?”

Nikamwambia sijui. Siku zote alikuwa akiniomba nifupishe majibu, na jibu langu fupi kuliko yote halikumpendeza hata kidogo.

Jumapili mama yake alipanga nguo za shule, akakuta shati moja badala ya mawili.

“Shati ingine iko wapi?”

“Imeenda ku kambi.”

“Imeenda na nani?”

“Na koko.”

Mama yake akanitazama mimi, kana kwamba nilikuwa nimelielekeza hilo shati njia.

Jumatatu asubuhi, kwenye ua wa shule wenye mawe meusi ya volkano, wanafunzi walikuwa wamepanga mistari. Koko alikuwa amefika kabla yetu, kitenge chake kimejaa vumbi la njia, amemshika mjukuu wake mkono. Mjukuu alivaa shati letu. Direkta wa shule, mwanamume mpole aliyekuwa amechoka kabla siku haijaanza, alikuwa akimwambia:

“Mama, nakuelewa. Lakini mwaka wa kwanza umejaa. Benchi ya batoto babili inaketisha batatu. Na huyu mutoto hana hata karatasi ya shule.”

“Karatasi ilibakia mu nyumba, muzee,” alisema koko. “Na nyumba ilibakia kule.”

Direkta akafungua orodha yake, akahesabu majina upya. Nikafungua kinywa nieleze jambo, lakini binti yangu alikuwa ameshatoka kwenye mstari.

“Direkta, yeye njo mwanafunzi wa zamani,” alisema. “Amelala mu klasi wiki tatu. Miye njo mupya, nimefika leo tu. Kama klasi imejaa, mupya njo anatoka.”

Alijua anachokisema. Alivua begi mgongoni na kuliweka juu ya mawe, akasubiri.

“Hakuna mwenye anatoka,” alisema direkta. “Lakini mutaketi wapi?”

“Pale ku dirisha. Ile ya mbele iko na musumari.” Binti yangu akamwangalia kwa upole, kama mtu anayempa mkubwa wake muda wa kuelewa. “Matako yetu iko madogo, direkta.”

Mistari mitatu ikacheka. Direkta alikohoa, akaingia nao darasani, akajaribu. Benchi liliwatosha wanne, ila wa mwisho alilazimika kuacha mguu mmoja nje. Binti yangu akakaa mwisho. Direkta akatoa kalamu, akaandika jina jipya chini kabisa ya orodha.

Sisi wazazi tulisimama madirishani, kama ilivyo desturi siku ya kwanza. Mwalimu aliita majina, na kila mtoto akajibu “Prezan.” Kisha akafika jina la mwisho. Mjukuu wa koko alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, anaficha mapengo.

“Prezan,” alijibu koko kutoka dirishani, kwa ile sauti yake ya kuwatoa watoto nje.

Mwalimu akatia alama.

Saa sita, tukirudi nyumbani, nilimuuliza binti yangu amejifunza nini.

“Kuketi nusu.”

“Na nusu ingine?”

“Ilikuwa inje. Ilikuwa inapata upepo.”

Nikapunguza mwendo. Niliona ndio wakati wa kumweleza maana ya alichokifanya asubuhi ile. “Unajua,” nikaanza, “mtu akimwachia mwenzake nafasi…”

“Papa,” alisema, “kesho yeye njo ataketi ku mwisho. Tulishapanga. Sasa twende, niko na njaa.”