Katoni za Mama Perpétue

Mama Perpétue wa Columbia Heights, huku ughaibuni, hakuwahi kukaa darasani, lakini nyimbo za Kimashi, lugha ya kwetu tulikotoka, tunazoimba kanisani karibu zote katunga yeye. Hofu yake ilikuwa moja: wajukuu wanajibu kila kitu kwa Kiingereza, na siku akiondoka, nyimbo zitaondoka naye. Basi akaanza kujichorea alama zake mwenyewe kwenye vipande vya katoni, kila silabi na alama yake. Joyeuse, mjukuu anayelala naye chumba kimoja, alizijua kwa mchezo tu. Sisi wengine tuliona kama kuku kaparua.

Mwanawe Bagalwa anafanya kazi kwenye ghala kule Shakopee, kukunja maboksi kutwa kucha. Mtu huyo hawezi kuona katoni akaiacha. Jumamosi moja alisafisha nyumba, akakunja boksi ambamo mama yake alitunza vipande vyake vya alama, pamoja na vyote vilivyokuwemo, gari la taka likabeba.

"Mama, unisamehe," alisema. "Ku kazi ninakunja makarto siku muzima. Mikono ilikunja yenyewe."

Mama hakumgombeza. Aliacha kuimba tu, na hilo lilituuma zaidi.

Noela, Mtanzania anayesoma chuo, akaja na picha kwenye simu: ukurasa wa zamani wenye alama za ajabu. Akamweleza kwamba Sequoyah, Mcherokee, mmoja wa wenyeji wa asili wa nchi hii, asiyejua kusoma Kiingereza, aliwabunia watu wake maandishi, alama moja kwa silabi. Inasimuliwa kuwa kazi yake ya mwanzo ilichomwa moto, wengine wanasema na mkewe mwenyewe. Akaanza upya, na maandishi ya mkono wake yapo mpaka leo.

"Bibi yake?" Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi Bagalwa wangu ni malaika! Na watu walimuamini namna gani?"

"Alimtoa binti yake nje, Mama. Watu wakasema maneno, yeye akaandika. Binti akaitwa, akasoma."

Jumapili kanisani Joyeuse alitolewa nje, kwenye baridi ya maegesho. Mchungaji Gilbert akatunga papo hapo mstari wa Kimashi ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Mama akauchora. Mtoto akaingia akivuta kamasi, akaitazama katoni, akauimba mstari wote kwa Kimashi. Vigelegele vilitaka kuezua paa. Nililia, wala sioni haya kusema.

Kesho yake Bagalwa alirudi kutoka Shakopee na maboksi matupu aliyoyaomba kazini, hakuna hata moja lililokunjwa. Akayapanga mbele ya mama yake.

"Mama, mara hii na miye unifundishe kusoma," alisema, "nijue ninakunja nini."