Betri Iliyobaki Mfukoni

Muhula ule tasnifu yangu ya uzamili ilikuwa imerudishwa. Mtahini aliandika pambizoni, kwa kalamu nyekundu, kwamba hakuelewa nilikuwa nimepima nini hasa. Tangu siku hiyo sikuamini kipimo chochote, hasa vipimo vyangu mwenyewe.

Katika hali hiyo Mama akaniomba nimtafutie Baba kifaa cha kusikia. Baba alikuwa akiunda masanduku ya bati ya wanafunzi katika vibanda vya Shauri Moyo, na kelele za nyundo zilikuwa zimemharibu masikio. Jirani yake pale kibandani alidai kwamba Baba alimpa nusu ya kibanda kwa makubaliano ya mdomo, na kesi ingesikizwa katika mahakama ya Makadara Jumatano. Baba hakuwa na karatasi yoyote, ila ushahidi wake wa mdomo. Tulichoogopa ni mazoea yake ya kuitikia "ndiyo, ndiyo" kila aliposhindwa kusikia. Ndiyo moja mahali pabaya, na nusu ya kibanda ingekwenda.

Nilipata vifaa viwili vya bei nafuu. Cha kwanza kilitoka duka moja mjini: kidogo, cha rangi ya ngozi, cha kukaa nyuma ya sikio. Muuzaji aliniruhusu kukijaribu mpaka Jumatatu, akabaki na kitambulisho changu. Betri zake, ndogo kama vifungo vya shati, ziliuzwa na yeye peke yake, na hilo lilinifanya nimshuku. Cha pili nilikipata soko la Gikomba kwa mama aliyeuza miwani ya mtumba: kisanduku cha kutia mfukoni, chenye waya unaopanda hadi sikioni. Bei yake ilikuwa nusu ya kile cha kwanza, na kilitumia betri ya kawaida ya redio. Nacho nilikishuku, kwa kuwa sikujua kimetoka sikio la nani.

Jumapili, baada ya kanisa, niliketi mezani mkabala na Baba nikiwa na maswali ishirini ya aina ambayo wakili angeuliza. Kwa kisanduku alijibu sawasawa maswali kumi na manane. Kwa kile kidogo, kumi na manane vilevile.

"Basi chukua hicho kidogo," Mama alisema. "Hakimwaibishi mtu."

Sikuridhika. Vifaa tofauti kiasi kile vingewezaje kulingana kabisa? Nikakifungua kile kidogo. Mahali pa betri palikuwa patupu. Betri yenyewe ilikuwa mfukoni mwangu tangu asubuhi.

"Baba, maswali yangu umeyasikia kwa kifaa hiki?"

"Nimekujibu, sikukujibu?"

"Hakina betri."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Profesa wangu! Pale kibandani nani husikia? Nyundo zote zinalia pamoja. Tunasomana midomo. Hata mteja akiagiza sanduku, namtazama mdomo, napata vipimo."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Uliniuliza mlango wa kibanda unatazama wapi."

Niliiona tena ile kalamu nyekundu. Nilikuwa nimepima macho yake. Na hakimu, niliyekwenda kumtazama wiki iliyotangulia akisikiza kesi nyingine, aliandika kila neno kwa mkono na kuuliza maswali akiwa ameinamia karatasi, mdomo wake hauonekani.

Nikakigeuza kiti cha Baba kitazame ukuta.

"Nimekosa nini, mwalimu?" akauliza.

Safari hii niliweka betri, nikahakikisha mara mbili. Kifaa kidogo kilipiga mluzi kila alipofungua kinywa, naye akapata maswali saba. Kisanduku kilikuwa na sauti nzito, na kilikwaruza kwenye shati kama msasa, lakini tulipokibana nje ya koti alipata kumi na sita. Nilirudia kwa kubadili mpangilio, kisha nikarudia tena, mpaka Mama akaninyang'anya karatasi.

Baba alisita kwa sababu ya ule waya. Hata hivyo Jumatatu alikwenda nao kazini ili auzoee.

"Mzee!" mwenzake mmoja alimpigia kelele. "Leo unashika stesheni gani?"

"Ya matangazo ya vifo," Baba akamjibu. "Bado hawajafika kwa jina lako."

Hakuuvua tena.

Jumatano nilikaa benchi la nyuma na daftari langu. Wakili wa jirani aliuliza kwa Kiingereza, na karani wa mahakama akamtafsiria Baba kwa Kiswahili, akimtazama usoni. Baba alijibu vizuri, nami nikazidi kukata tamaa: kwa mara nyingine sikujua kama ni sikio au ni midomo ya karani. Kisha karani akageuka kutafuta faili kabatini. Hakimu, bila kuinua kichwa, akauliza kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayekamilisha sentensi yake:

"Kwa hiyo nusu ile ulimpa?"

Niliisubiri ile "ndiyo". Baba aliweka mkono kifuani, kando ya kisanduku.

"Hapana, mheshimiwa. Nilimruhusu kuhifadhi vyuma vyake wakati wa mvua tu."

Karani alikuwa bado ametupa mgongo. Nilimtazama yeye kwanza, kisha kalamu ya hakimu, iliyokuwa ikiandika jibu la Baba.