Mshenga wa Rebero

Jumamosi nilikuwa Rebero kwenye posa. Msemaji wa upande wa binti alimsifu binti yao, mtafiti wa saratani: makala zake kuhusu seli za uvimbe zinatajwa na wataalamu hadi Ulaya.

Mshenga wa upande wa kijana, ambaye kazi yake ni kushusha mahari, akatabasamu.

"Ulaya sawa, mzee. Hapa Rebero nani iko anazisoma?"

Tulicheka. Upande wa binti wakainamisha macho.

Shangazi wa binti akasimama, akavua kitambaa cha kichwani. Nywele ndiyo kwanza zinaota.

"Mimi sijasoma hata moja. Lakini kipimo alichokiandika humo ndicho kilichomwonyesha daktari dawa yangu."

Mshenga akakohoa, akawageukia wenzake.

"Tuongeze ng'ombe."

Sijawahi kuona mshenga akijipandishia mahari.