Siku Nilipokosa Machozi

Kila nikipita penye mikaratusi iliyokatwa karibuni, harufu yake hunirudisha polepole kijijini Ekerenyo, siku tuliyomzika nyanya katika jeneza la mbao mbichi za mkaratusi.

Wanawake waliingia langoni wakiomboleza, mikono kichwani. Mimi, niliyezoea kulala naye kitanda kimoja, sikuwa na chozi. Nilikodoa macho bila kupepesa ili yaume, lakini hayakuuma.

"Huyu mtoto ana moyo kweli?" jirani alimuuliza shangazi.

"Lia kidogo, mama," shangazi akaninong'oneza. "Watu wanakuangalia."

Nikakimbilia migombani, nikiogopa kwamba labda sikumpenda nyanya. Babu, aliyewahi kuwa mwalimu wa Kiingereza, alinikuta huko, nikamweleza. Akaketi kando yangu juu ya majani makavu.

"Waingereza wana neno, *tearless*," alisema. "*Tear* ni chozi, *less* ni kukosa. Waliyaunganisha zamani sana. Unafikiri kwa nini?"

"Sijui, babu."

"Kwa sababu watu wa namna hiyo walikuwepo, wakahitaji jina. Hawakukungoja wewe uzaliwe."

Upepo ulipita, migomba ikainama na kuinuka. Nilimtazama usoni. Macho yake pia yalikuwa makavu.

"Na wewe ulimpenda?" nikamuuliza.

Aliinuka, akanishika mkono, tukapita taratibu katikati ya vilio vya watu kana kwamba tunavuka mto. Aliung'ang'ania mkono wangu mpaka tulipofika kaburini.