Jina Alilopewa na Darasa

Mimi si mtu wa maneno laini, na darasa langu lote linajua. Kwa hiyo vishikwambi vilipoletwa shuleni pamoja na agizo la elimu jumuishi, nilisema waziwazi ofisini: mtoto akiamua kumwonea mwenzake, kioo hakitamzuia. Mwalimu mkuu akacheka. "Wewe mama, hata siku ya kuumbwa dunia ungekosoa," akaniambia. Nikachukua changu nikaenda darasani.

Shule yetu iko Ngara, kando ya barabara ya malori yanayopanda kutoka Rusumo. Yakibadilisha gia pale mlimani, madawati hutetemeka. Darasani kwangu alikuwapo msichana mmoja aliyegeuka dirishani kila mara kwa ajili ya mtetemo ule tu, maana mlio hakuujua. Alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Wenzake walimfanyia vituko. Akiwapa mgongo wanamwaga maji yake ya kunywa, akiwageukia wanamtukana huku wanamchekea, naye anacheka nao. Huko kucheka nao ndiko kulikonichoma roho. Niligomba mpaka sauti ikanikauka, wapi!

Ndani ya kishikwambi mlikuwa na video za lugha ya alama: salamu, familia, chakula, wanyama. Darasa zima lilitakiwa kujifunza ili asibaki peke yake. Kwenye mafunzo tuliambiwa pia kwamba katika lugha ile kila mtu hupewa jina la alama, na wenzake ndio wanaomchagulia, kwa kitu kinachoonekana kwake: kishimo cha shavuni, kovu, namna ya kutembea. Nikaona ni jambo zuri. Nikawaachia watoto wamchagulie yeye kwanza.

Wakanong'onezana. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, mchekeshaji wa darasa, akasimama, akaweka ngumi chini ya kidevu, akaivuta chini kidogo. Wote wakapiga makofi. Nami nikapiga, maana kidevu cha yule msichana kimechongoka kweli.

Jamani, alivyolipenda lile jina! Alimwonyesha mwalimu mkuu, akamwonyesha mpishi wa uji, akaenda nalo nyumbani akamfundisha mama yake. Anajigusa kifua, halafu ngumi chini ya kidevu: huyu ndiye mimi. Sisi walimu tulikuwa bado tunahangaika na salamu. Watoto, kwa wepesi wao wa vidole, walishatutangulia masomo, wamefika mbali.

Siku tulipolifikia somo la wanyama, yeye ndiye aliyeshika kishikwambi. Akapita ng'ombe, akapita kondoo. Kisha ikatokea picha ya mbuzi, na yule dada wa kwenye video akaweka ngumi chini ya kidevu, akaivuta chini. Darasa likaangua kicheko. Msichana akairudisha video nyuma, akaitazama upya. Halafu akakilaza kishikwambi juu ya dawati, kioo chini, taratibu, kama anaogopa kukivunja.

Kumbe walikuwa wanaisema sauti yake anapocheka, eti analia kama mbuzi. Niliwaka! Nilitoa maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyatoa, mpaka mwenzangu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Msichana mwenyewe hakusikia hata moja.

Kesho yake hakuja. Alikuja mama yake, jembe begani, tope miguuni. Nikampa kiti, hakuketi.

"Mwalimu, nimekuja kukuambia kwamba simleti tena. Atanisaidia shambani."

"Pole sana, mama. Nimewagombeza wote."

"Nimesikia. Lakini zamani walikuwa wanamtukana, ninalia mimi, yeye anacheka. Sasa mmemfundisha kujua."

Iliniuma mpaka machozi yakanilenga. Ili nisibaki nimekodoa macho tu, nikamuuliza nyumbani wanamwitaje. Akashangaa kidogo kuulizwa. Akapitisha kidole gumba shavuni, kuanzia pembeni ya mdomo kwenda sikioni.

"Alipokuwa ananyonya, maziwa yalikuwa yanamtiririka hapa, mimi namfuta. Tangu hapo tunamwita hivyo. Hata bibi yake anamwita hivyo."

Mtoto alikuwa na jina lake miaka yote hiyo! Nikamsihi mama alirudie nimrekodi. Akakataa, eti amechafuka. Nikang'ang'ania. Mwisho akafuta mikono kwenye kitenge, akakitazama kishikwambi, akamwita mwanawe kwa alama ile.

"Haya, nitamleta," akasema. "Lakini Ijumaa ninakuja kumwangalia mwenyewe. Nikiona bado ni yaleyale, naondoka naye na madaftari yake."

Asubuhi niliwaonyesha darasa ile video bila kusema kitu. Mama wa watu, tope miguuni, anamwita mtoto wake. Hakuna aliyecheka. Sikuwaamini hata hivyo. Na msichana naye hakuwaamini; alikaa dawati la mbele, mikono ameikalia, siku zote zile hakufanya alama yoyote kwa mtu yeyote. Nikajua Ijumaa nampoteza.

Ijumaa yenyewe mvua ikashika. Mvua ya huku ikipiga mabati, somo limekwisha. Hata ungepayuka vipi, hakuna anayesikia, tunakuwa viziwi sote. Niliweka chaki chini. Hapo nikamwona mama yake kwenye baraza, amelowa, mfuko mtupu wa madaftari mkononi. Msichana alikuwa ameupa mlango mgongo.

Kijana wa dawati la nyuma naye alimwona. Akatoka, akaja mpaka mbele ya msichana, akajipitisha kidole gumba shavuni, kisha akamwonyesha mlangoni. Alikosea. Alianzia sikioni akashuka mdomoni.

Msichana alimtazama. Hakutabasamu, na mlangoni hakugeuka. Alimtazama mpaka yule mchekeshaji wetu akainamisha macho. Halafu akaichomoa mikono aliyokuwa ameikalia, akamgusa bega ili amwangalie, akamwonyesha jina lake: unaanzia hapa mdomoni, unakwenda huku. Kijana akajaribu, akakosea. Akamfanya arudie, na arudie tena, mpaka akapatia.

Mama yake akaufunua ule mfuko mtupu, akajifunika nao kichwani, akarudi shambani peke yake.