Inchi Mbili za Baba Mdogo

Niliificha rula yangu ya shule chini ya godoro na kuamua kunyamaza. Laiti nisingefanya hivyo. Hadi leo nikisikia harufu ya mbao mbichi za saipresi, naiona karakana ya baba pale Laini Saba, kando ya reli, mwaka ule shuleni tulipoanza kufundishwa mita nao mafundi wangali wanapima kwa futi. Baba alifanya kazi na mdogo wake, Wekesa, baba yangu mdogo. Siku moja baba mdogo alitoka kwa muuzaji wa mbao Kawangware akisukuma mkokoteni wa mbao za paa. Baba alikuwa ameagiza futi kumi na mbili, lakini muuzaji alikuwa ameandika kwa chaki juu ya kila ubao urefu wake kwa mita: 3.6.

"Wewe msomi, hizi ni futi ngapi?" baba aliniuliza. Rula yangu ilikuwa na inchi kumi na mbili upande mmoja na sentimita thelathini upande wa pili, kwa hiyo nilihesabu kila futi kuwa sentimita thelathini, wala sikusita. "Kumi na mbili kamili, baba." Akafungua futi yake ya kukunja, akapima, akapima tena. Kila ubao ulipungua inchi mbili na kitu.

"Inchi mbili zimekwenda wapi, Wekesa?"

"Mchwa wamekula njiani," baba mdogo akacheka.

Baba hakucheka. Aliinama akanusa ncha za mbao, kisha akauchukua msumeno wa ndugu yake, akaunusa pia. "Unanuka mbao mbichi."

"Msumeno wa fundi unuke nini, kaka? Samaki?"

Tangu siku hiyo baba alimchunguza kwa jicho la pembeni. Alikagua vumbi la mbao kwenye suruali yake, akaweka alama kwenye vipande vilivyobaki, na baba mdogo akiaga tu, baba alikwenda kuvihesabu. Siku ya nne, nikichora mstari, niliona kwamba inchi ya kumi na mbili ilipita sentimita ya thelathini kidogo tu, kama nusu ya upana wa kucha. Nikakizidisha kidogo hicho mara kumi na mbili. Kikatoa zile inchi mbili na kitu. Hakuna aliyekata ubao wowote. Nilikosea mimi, lakini baba alikuwa amenisifu kwa majirani wote, nami niliogopa kulipoteza jina la msomi. Wiki hiyohiyo baba alimwita ndugu yake mwizi mbele ya wateja. Baba mdogo akafunga vifaa vyake katika gunia, akahamia Kawangware.

Siku hizi tepu yangu ina vipimo vyote viwili, na wajukuu huigeuza mita kuwa futi kwa simu kabla sijavaa miwani. Kutoka hapa hadi Kawangware ni mwendo wa miguu tu, lakini sikuwahi kwenda kusema ukweli. Baba alikufa akiamini kwamba mdogo wake alimwibia. Baba mdogo hakuja kumzika, naye alipokufa, sisi hatukuambiwa.