Vidole vya Kigong'ota

Vita vilipokaribia Jinja nilikimbilia Mbale kwa shangazi yangu, mjane aliyekuwa akikaanga mandazi ya kuuza nyumbani kwake, chini ya mlima Wanale. Wanajeshi walikuwa wameshapita hapo na kuondoka na redio yake, lakini hofu walimwachia. Asubuhi moja tukasikia ko-ko-ko-ko barazani. Shangazi akajifuta unga mikononi, akajibu kwa adabu, "Naam, afande. Nakuja." Akafungua mlango. Hakuna mtu.

Alijibu hivyo siku tatu. Siku ya nne nilichungulia dirishani nikamwona afande mwenyewe: ndege mdogo mwenye mgongo wa madoadoa na utosi mwekundu, anatoboa nguzo ya baraza.

"Yaani siku zote hizi namwitikia ndege," shangazi alisema.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikuwa nimecheka tangu nitoke Jinja.

Jirani yetu alikuwa mwalimu mstaafu. Vitabu vyake vyote viliporwa, akabakiwa na kimoja tu, cha ndege wa misitu ya kaskazini, kule kwenye theluji na miti isiyopukutisha majani. Akaja nacho, akatuonyesha picha.

"Ndiye huyu. Kigong'ota wa vidole vitatu."

"Lakini wa kitabuni utosi wake wa njano," nikasema.

"Jua la huku kali. Umeiva."

Shangazi akauliza wetu ana vidole vingapi. Mwalimu akasema hatuwezi kujua, ndege hatulii. Shangazi hakubishana. Kesho yake alfajiri, ndege akiwa bado amelala katika tundu alilotoboa nguzoni, aliziba tundu kwa kanga, akamtoa taratibu, kisha akatuita.

"Haya mwalimu, hesabu."

Mwalimu akavaa miwani. Viwili mbele, viwili nyuma. Akahamia mguu wa pili, nadhani kwa matumaini.

"Vinne," alikiri. Ndege akamdonoa kidole gumba, akaruka zake.

Tangu siku ile mwalimu akaanza kuchora mwenyewe, kwenye kurasa tupu za mwisho wa kile kitabu. Shule ilipofunguliwa tena alirudi kufundisha, akabandika mchoro mmoja ukutani, na chini yake akaandika: Kigong'ota wa Wanale, vidole vinne. Shangazi alikwenda kuuona amevaa kanga zake mpya. Aliutazama sana, kisha akalalamika kwamba mkono ulioshika ndege umechorwa mnene.